Tulijuana sote isipokuwa aliyebeba mkoba

Kuna mialiko ambayo mtu huipokea akaigeuza mara mbili tatu mkononi, akijiuliza kama haikukusudiwa mtu mwingine. Ndivyo nilivyofanya nilipoletewa barua ya kunitaka nihudhurie kongamano la siku mbili la wadau wa sekta ya gofu, katika hoteli moja kubwa hapa jijini Nairobi. Sikuwa nimepata kucheza gofu maishani mwangu. Nilikulia karibu na mashamba ya chai, mahali ambapo fimbo ilikuwa ya kuchungia mbuzi, na ule mpira mdogo mweupe tuliookota kando ya ua wa klabu ya wakubwa tuliupigia danadana mpaka ukatupotea. Lakini mwandishi wa safu kama hii hakatai mwaliko wenye chakula cha mchana, nami nilikwenda.

Kongamano lenyewe lilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo, ukilifasiri bila ya kulipamba, maana yake ni moja tu: kujuana. Hapo, ndugu msomaji, ndipo mawazo yangu yalipoanza kutangatanga hata kabla ya chai ya saa nne. Katika nchi hii yetu neno kujuana lina nyuso mbili. Kuna kujuana kwa heri, ambako mwenye mali hukutana na mwenye soko, na fundi akakutana na anayehitaji kazi yake. Kisha kuna kule kujuana kwingine anakokufahamu kila kijana aliyetembeza vyeti vyake katika ofisi za jiji hili hadi soli za viatu zikatoboka: kazi ilipatikana kwa kujuana, zabuni ilitoka kwa kujuana, hata kitanda hospitalini kilipatikana kwa kujuana. Nilitaka kuona ni uso upi utakaojitokeza katika ukumbi ule.

Sitaki kuwafanyia mzaha waliokuwamo. Walikuwa watu wa kazi. Palikuwa na wenye hoteli na mawakala wa utalii, mameneja wa klabu, maafisa wa benki zinazodhamini mashindano, wauzaji wa mbegu za nyasi na mashine za kukatia, wachoraji wa viwanja, walimu wa mchezo, na wale wanaojenga nyumba za kifahari kando ya viwanja na kuziuza kwa bei ambayo ukiisikia unameza mate. Kila mmoja alitundikiwa shingoni beji yenye jina lake na cheo chake. Kadi za biashara zilipita mikononi kama karanga kwenye basi la usiku. Jioni ya siku ya kwanza nilizihesabu zangu nikakuta 31, ilhali mimi sina hata moja ya kumpa mtu.

Na waliyoyasema yalikuwa na uzito. Gofu si mgeni hapa kwetu. Klabu ya kwanza ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa mabati na matope ya reli. Leo nchi ina viwanja vipatavyo arobaini, kuanzia Mombasa ufuoni mwa Bahari Hindi hadi Kitale na Kakamega. Shindano la Kenya Open lilianza mwaka wa 1967, na miongoni mwa walionyakua kombe lake ni Mhispania Seve Ballesteros mwaka wa 1978 na Ian Woosnam wa Wales mwaka wa 1986. Tangu mwaka wa 2019 shindano hilo limo katika ratiba kuu ya Ulaya. Mtalii wa gofu, tulielezwa, hukaa muda mrefu na hutumia fedha nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga, na sioni sababu ya kubishana na wasemaji kuhusu hilo.

Mama mmoja mtaalamu wa nyasi alinifurahisha kuliko wote. Alitueleza habari za nyasi ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki na ambayo imesafirishwa ikapandwa sehemu nyingi za dunia, hata katika uwanja mashuhuri wa Riviera kule Los Angeles, ambako mabingwa wa Marekani huilaani mpira unapozama ndani yake. Nilijiambia kuwa basi kuna mwenzetu mmoja aliyetoka kijijini bila ya kiatu, akafika mbali, na bado anawasumbua wakubwa.

Msemaji mwingine alitukumbusha asili ya mikutano ya namna hii. Maonyesho makubwa kabisa ya biashara ya gofu duniani, ambayo hufanywa kila Januari mjini Orlando, Florida, na kujaza majumba ya maonyesho, yalianza mwaka wa 1954 katika mji mdogo wa Dunedin, katika jimbo hilohilo. Hapakuwa na ukumbi wala beji. Wachuuzi waliegesha magari yao nje ya uwanja uliokuwa na mashindano ya walimu wa gofu, wakafungua buti, wakauza fimbo na viatu hapo hapo. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Mimi nilikiandika kisa hicho katika daftari, nikakisahau hadi kesho yake jioni.

Siku ya pili, baada ya chakula, tulipelekwa katika uwanja usio mbali kucheza mchezo wa kirafiki. Tulipangwa wanne wanne, na hata sisi tusiojua kushika fimbo tulipewa mikoba ya kuazima na kuambiwa kuwa kujuana kwenyewe ndiko huku. Kikundi changu kilikuwa na afisa wa benki, mwenye hoteli mmoja kutoka pwani, na meneja wa klabu. Na kila mmoja wetu alipewa mbeba mkoba, ambaye viwanjani huitwa kedi.

Wangu alikuwa amevaa aproni ya kijani yenye namba 47. Nilimwuliza jina akanitajia, lakini saa zote nne za mchezo sikusikia mtu mwingine akilitumia. Wenzake walimwita Arobaini na Saba. Afisa wa benki, ambaye kwa kumkadiria hakuwa amefikisha miaka arobaini, alimwita "kijana". Huyo kijana alianza kubeba mikoba mwaka wa 1986 akiwa na umri wa miaka 17. Ana wajukuu wawili. Mimi aliniita mkubwa. Nilimwambia, "Usiniite mkubwa, mzee mwenzangu, huenda tuliingia jandoni mwaka mmoja." Alicheka, kisha akaendelea kuniita mkubwa.

Mkoba ule si mwepesi. Sheria humruhusu mchezaji fimbo kumi na nne, na ukiongeza mipira, maji, mwavuli na viatu vya akiba, unabeba mzigo wa kilo kumi na zaidi kwa mwendo wa kilomita nane au tisa, kwa kupanda na kushuka. Siku njema kedi huzunguka mara mbili. Lakini mzigo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Katika shimo la tatu mpira wangu ulifika, kwa bahati tu, kwenye ule uwanda mfupi wa nyasi zilizonyolewa unaoitwa grini. Nilijiandaa kuusukuma moja kwa moja kuelekea shimoni. Arobaini na Saba alichuchumaa, akatazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mkubwa, usiangalie mteremko peke yake. Angalia nyasi zimelalia wapi. Asubuhi ungekuwa sawa, lakini saa hizi zimegeuka." Akaweka kidole mahali palipokuwa mbali na shimo kwa urefu wa mkono mzima. Nilimtii nikiwa na mashaka, na mpira ukazunguka kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini, ukaingia. Ndiyo mara pekee niliyopigiwa makofi siku ile.

Baadaye nilikuja kujifunza jambo ambalo halikutajwa ukumbini. Katika kanuni za gofu, mchezaji anayecheza peke yake haruhusiwi kumwomba ushauri mpinzani wake wala mtazamaji. Akifanya hivyo huadhibiwa. Anayeruhusiwa kumshauri ni kedi wake. Sheria za mchezo zenyewe, zilizotungwa na mabwana wa Uskochi na Marekani, zimempa mbeba mkoba heshima hiyo. Ni sisi wa kongamano tuliokaa siku mbili tukishauriana kuhusu mchezo huu bila ya kumwuliza yeye neno hata moja.

Tulipokuwa tukitembea nilisikia mambo. Kati ya shimo la tano na la tisa afisa wa benki na mwenye hoteli walimaliza habari ya mkopo wa kupanua hoteli ambayo, kwa maneno yao wenyewe, ilikuwa imekwama mezani kwa miezi kadhaa. Walitaja kiasi, riba na majina ya watu. Walizungumza waziwazi mbele ya makedi wanne kama mtu anavyozungumza mbele ya miti. Nilimwuliza Arobaini na Saba kama husikia mengi ya namna hii. Alinitazama kidogo, akajibu, "Mkubwa, kedi mwenye masikio hamalizi mwaka." Hakuongeza neno, nami nilielewa kuwa huyu anajua siri za watu wengi wa mji huu kuliko wahariri wote ninaowafahamu, na kwamba kutozitoa ndiko kunakomlisha.

Palipokuwa na foleni katika shimo la kumi na moja, tulikaa chini ya mti akanieleza maisha yao. Kedi si mwajiriwa wa klabu. Hulipwa na mchezaji wa siku ile, akipata mchezaji. Hufika alfajiri, hujiandikisha, huketi bandani na kungoja namba yake iitwe. Mvua ikinyesha mchana kutwa, amekula nauli yake bure. Mwaka wa 2020, viwanja vilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona na shindano la Kenya Open likaahirishwa, yeye alikaa nyumbani wiki nyingi bila shilingi, akawa anachimba mitaro ya watu. Mwenye kiwanja alikuwa na akiba, mdhamini alikuwa na biashara nyingine. Kedi alikuwa na mabega yake tu.

Kisha akanionyesha kwa kidevu kijana mmoja aliyekuwa amebeba mkoba kwenye kikundi kilichotutangulia. Kijana huyo, miezi miwili kabla, alitangulizwa mbele kutazama mpira utaangukia wapi, ukampiga chini kidogo ya jicho. Mchezaji alisikitika kweli, akatoa shilingi elfu mbili. Klabu ilisema, na kisheria huenda ilisema sawa, kwamba majeruhi hakuwa mfanyakazi wake. Makedi wenzake walifanya harambee bandani, noti kwa noti, mpaka ada ya hospitali ikatimia. Jicho lilipona ila halioni vizuri jua linapotua. Nawe fahamu, msomaji, kwamba kedi asiyeona mpira ulipoangukia hana kazi.

Nilimwuliza kuhusu bima ya afya ya serikali. Aliijua vyema kuliko mimi. Tangu Oktoba 2024, mfumo mpya wa SHA ulipochukua nafasi ya NHIF, kila mtu hutakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kidogo kidogo bila ya kuhisi. Asiye na mshahara hutakiwa alipe ya mwaka mzima. "Elfu tatu na mia sita kwa mkupuo," alisema. "Siku nikizipata zote pamoja, mkubwa, huwa ni Januari, na Januari ni ya karo."

Sasa nirudi kwa haki upande wa pili. Yule meneja wa klabu katika kikundi chetu nilimweleza haya tukiwa tunakunywa maji, naye hakukasirika. Alisema kuwa klabu nyingi zinapumua kwa shida: maji ni ghali, mbolea ni ghali, na wanachama wazee wanapungua. Wakilazimishwa kuwaajiri makedi wote, wataajiri ishirini na kuwafukuza mia, kisha watanunua magari ya umeme ya kubebea wachezaji, yale yale yaliyokuwa yakinadiwa ukumbini asubuhi. Nilipomdokezea Arobaini na Saba habari ya kuajiriwa, nikidhani atafurahi, alitikisa kichwa. Hataki mshahara. Jumamosi njema, ikiwa na mchezaji mkarimu, humpa fedha ambazo hakuna klabu itakayomwandikia katika hati ya malipo. Anachotaka ni kwamba akivunjika, kuwe na mtu wa kumpeleka hospitali asiyehitaji kuchangiwa kwanza.

Jioni tulirudi katika jumba la klabu kwa zawadi na hotuba za kufunga. Makedi walibaki nje kwenye maegesho ya magari, wakingoja kulipwa. Ndipo kile kisa cha Dunedin kiliponirudia. Biashara hii yote, pamoja na maonyesho yake makubwa ya Orlando, ilizaliwa maegeshoni. Na hapa palikuwa na maegesho yaliyojaa watu wa gofu, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyetoka kwenda kujuana nao.

Nilikumbuka pia kisa cha kale chenye kuuma zaidi. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, alikuwa Mhindi wa Afrika Kusini aliyekulia katika kazi ya kubeba mikoba huko Durban, na aliishika fimbo huku mikono yake ikiwa imepishana kinyume na inavyofundishwa. Mwaka wa 1963 alishinda shindano la wazi la Natal. Sheria za ubaguzi wa rangi zilimkataza kuingia katika jumba la klabu, basi wazungu walioshindwa walikaa ndani, na mshindi akakabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua. Picha yake ilizunguka ulimwenguni ikaitia aibu serikali ya makaburu. Hapa kwetu hakuna sheria kama hiyo, na sisemi kwamba ni mamoja. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa wazi jioni ile na hakuna aliyewaambia waingie.

Katika hotuba ya kufunga liliulizwa swali ambalo huulizwa kila mwaka: kwa nini hadi shindano la 2025 hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kulishinda Kenya Open? Jacob Okello alilikaribia mwaka wa 1998, akafika hadi mchujo wa mwisho, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Zilipendekezwa akademia, vifaa vya kompyuta vya kupimia mpigo, na walimu kutoka ng'ambo. Sina ubishi na akademia. Lakini wachezaji wetu wengi wa kulipwa hawakutoka akademia. Walitoka bandani kwa makedi. Ballesteros mwenyewe alibeba mikoba kijijini kwao Pedreña. Ben Hogan na Byron Nelson, mabingwa wawili wakubwa wa Marekani, walikuwa makedi wenza katika uwanja mmoja mjini Fort Worth. Francis Ouimet, aliyewashangaza mabingwa wa Uingereza mwaka wa 1913 kwa kushinda shindano la wazi la Marekani akiwa na miaka 20, alikuwa amewahi kuwa kedi, na siku ile mkoba wake ulibebwa na mtoto wa miaka 10.

Mwingine ni Chick Evans wa Chicago. Alikuwa kedi utotoni, na mwaka wa 1916 akashinda shindano la wazi na lile la ridhaa la Marekani katika msimu mmoja. Kwa kuwa alitaka kubaki mchezaji wa ridhaa, hakuweza kuzitia mfukoni fedha zilizotokana na umaarufu wake. Mama yake alimshauri azitumie kuwasomesha makedi. Mwaka wa 1930 vijana wawili wa kwanza waliingia Chuo Kikuu cha Northwestern kwa mfuko huo, na tangu hapo maelfu wamehitimu, wakiwa mawakili, madaktari na wahandisi. Fedha hizo hazikutoka serikalini. Zilitoka kwa wachezaji.

Kwa hivyo nina hesabu ndogo ya kuwapa waandalizi. Chukua klabu yenye wachezaji 120 kila Jumamosi. Kila mmoja aongezewe shilingi 50 katika ada yake, ambazo hazitoshi hata kununua soda katika baa ya klabu hiyo. Hizo ni shilingi 6,000 kwa Jumamosi moja, na shilingi 312,000 kwa mwaka, bila ya kuhesabu Jumapili wala siku za kazi. Ukizigawa kwa 3,600, zinalipia kiwango cha chini cha bima ya makedi zaidi ya themanini. Hakuna anayeajiriwa, hakuna anayefukuzwa, na bajeti ya nyasi haiguswi. Na katika kongamano lijalo watengewe saa moja na viti kumi mezani, waje wenyewe waseme kama hesabu hii ina kasoro. Asiyekuwepo na lake halipo, na ratiba tuliyopewa safari hii ilikuwa na kurasa 16 zisizo na neno kedi mahali popote, isipokuwa kwamba mmoja wao alionekana pichani kwenye jalada, mgongo ukiwa umeelekea kwetu.

Mimi nilipewa zawadi ya kufariji kwa kuwa wa mwisho: mwavuli mkubwa wenye nembo ya mdhamini. Nikautoa nje nimpe Arobaini na Saba. Alinishukuru, akasema kwamba atautumia kumfunika mchezaji mvua ikija. Kisha akachukua kalamu yangu akaandika jina lake lote na namba ya simu nyuma ya karatasi yangu ya alama. Mmoja wa waandalizi, mtu muungwana kabisa, nilimweleza nia yangu kabla sijaondoka. Aliniambia nimwandikie mapema, kabla ya ratiba ya mwaka ujao kufungwa, akanipa kadi, ambayo ilikuwa ya 32.

Juzi nilimpigia simu Arobaini na Saba. Alikuwa bandani tangu saa kumi na mbili asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha, na hadi saa nane hakuwa amepata mchezaji. Aliniuliza kama wale watu wamejibu. Nikamwambia kuwa sijawaandikia bado, ila nitawaandikia gazetini wiki hii.